Dosie Zilizotoka Mashariki

Nilikuwa muuguzi wa uzazi mpaka mgongo wangu ulipokataa. Daktari mkuu hakutaka niende kukaa nyumbani, akanihamishia chumba cha dosie, yaani mafaili ya wagonjwa. Wakati huohuo hospitali yetu ya Makiso ilikuwa imeletewa programu ya kompyuta ya kutunza habari za wagonjwa, na wakubwa walitafuta mtu anayejua kupiga taipu. Mimi nilijua. Nilikulia katika ofisi ya tonton, mjomba wangu, karibu na soko kuu, watu walikokuja kutoa fotokopi na kuandikiwa barua za kuomba kazi.

Programu hiyo ilikuwa na tabia zake. Ukifungua jina la mgonjwa, uliona homa zake, dawa zake, vipimo vyake, na chini kabisa palikuwa mahali pa kubandika karatasi zilizotoka hospitali nyingine. Haikukubali picha ya simu. Ilitaka PDF tu, tena iwe nyepesi. Ikiwa nzito, kile kiduara cha kusubiri kilizunguka na kuzunguka mpaka umeme ukatike, na hapo unaanza upya. Wenzangu wa wodini walidhani nimepata kazi ya kukaa mbele ya feni.

Halafu vita ya mashariki ikawaka tena. Sisi wa Kisangani vita tunaijua. Nilipokuwa msichana ilipita katika barabara zetu, na mama yangu alitulaza chini ya vitanda huku akisoma dua. Safari hii ilikuwa mbali, lakini watu wake walitufikia. Wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, ambao ndugu zao walikuwa na maduka ya jumla hapa kwetu. Walifika kwa malori na pikipiki, wametoboa msitu, na watoto na simu mkononi. Karatasi zao za hospitali zilibaki kule.

Mmoja wao alikuwa mama muuza vitenge, mimba yake ikiwa imeshakuwa kubwa. Shemeji yake ndiye aliyemleta. Daktari wa uzazi, mwanamke mwenzangu tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi, aliniita nimfungulie dosie mpya.

"Mutoto wa kwanza nilizaa miye mwenyewe," alisema yule mama. "Wa pili walinipasua. Huyu nataka nizae miye mwenyewe tena."

"Bon," daktari akasema. "Lakini ndani walikupasua namna gani?"

"Docta, nilikuwa nalala. Nitajua je?"

Tulicheka wote watatu, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Kovu la ngozi lilikuwa la kulala, kutoka ubavu hadi ubavu, na hilo halikusema lolote juu ya mfuko wa uzazi wenyewe. Kama mfuko ulipasuliwa kwa kusimama, kutoka juu kwenda chini, uchungu ungeweza kuuchana, mama na mtoto wakaondoka pamoja.

Yule mama alikuwa na namba ya simu ya mtunza dosie wa hospitali yake ya zamani. Wote kule walimwita papa wa archives. Nilimpigia, akapokea.

"Hospitali ilishafungwa," aliniambia. "Lakini dosie iko kwangu nyumbani. Nilitoka na disque ya kompyuta."

Kwa miaka alikuwa akipitisha karatasi za upasuaji kwenye skana, mwezi kwa mwezi. Maana yake, faili moja ya PDF ilibeba wanawake wote waliopasuliwa mwezi ule, na haikuwezekana kuituma kwa mtandao wa kubahatisha kama wake. Tena hakuwa na programu ya kukata kurasa. Basi nikamwekea ujumbe wa sauti, polepole, kama ninavyomwelekeza mwanafunzi wa uuguzi kufunga kidonda.

"Papa, fungua ile fichier. Bonyeza imprimer, ile ya kuchapa, lakini usichague imprimante, mashine yenyewe. Pale juu chagua PDF. Alors, andika namba za kurasa zake tu. Itazaliwa fichier ndogo, hiyo ndiyo utume."

Jibu lake lilikuja na sauti ya jogoo, na nyuma ya jogoo milio ambayo sikutaka kuisikiliza vizuri. "Nimeelewa, mama. Courant hakuna. Nitaenda kwa jirani mwenye panneau solaire, umeme wa jua."

Siku zikapita kimya. Kisha asubuhi moja mama wa vitenge akaletwa wodini, uchungu umeanza kabla ya wakati wake. Nilikuwa bado namtafuta papa wa archives kwenye simu, mara PDF ikaingia. Ilikuwa imefungwa kwa neno la siri. Alipiga mwenyewe kunitajia neno hilo. "Siliandiki mahali," akasema. "Nakuambia kwa mdomo, maana hii ni miili ya watu."

Nikafungua. Kurasa zilikuwa zimelala ubavu; nikazigeuza moja moja. Jina lilikuwa lake. Ripoti ilisema mfuko ulipasuliwa kwa kulala, njia isiyo na hatari kubwa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kubandika, nikaona umri. Huyu wa kwenye karatasi alikuwa mtu mzima wa kukaribia arobaini, na palikuwa pameandikwa kwamba hajawahi kuzaa kabla ya hapo. Wetu alikuwa bado kijana, na mtoto wake wa kwanza alimzaa mwenyewe.

Nilikimbia hadi wodini, mgongo na maumivu yake yote. Nikamvuta daktari pembeni.

"Nimepata ripoti, lakini si yake. Ni ya mwingine mwenye jina kama lake."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alimtazama yule mama, aliyekuwa ameshika chuma cha kitanda. "Nitaandaa chumba cha upasuaji, na nitamwangalia. Lakini fanya upesi, dada yangu."

Mtandao wa mashariki ulikuwa umekatika. Nilipiga, nikapiga, nikasimama dirishani kana kwamba simu ingesikia vizuri zaidi pale. Alipopokea na kusikia kilichotokea, alifungua tena disque yake. Kisha nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Mungu wangu. Wako wawili. Mwezi uleule! Nisamehe. Ngoja, usikate."

Faili ya pili iliingia kwa kujivuta, imefungwa kwa neno lilelile la siri. Nikazigeuza kurasa. Umri ulilingana, mtoto wa kwanza alikuwapo. Bado nilitaka kuwa na hakika, nikarudi kitandani kwa mama na kumuuliza jina la mume wake bila kumwambia kwa nini. Alilitaja kati ya uchungu na uchungu, na ndilo lililoandikwa. Mfuko wake ulikuwa umepasuliwa kwa kusimama, na mstari wa mwisho ulisema asiachwe tena apate uchungu. Nikaondoa kufuli, kwa sababu programu yetu ilionyesha ukurasa mtupu kwa PDF iliyofungwa, nikaipunguza uzito, nikaibandika. Daktari aliisoma akiwa wodini.

Mama wa vitenge alilia alipoambiwa kwamba atapasuliwa. "Nilitaka kumuzaa miye mwenyewe."

Daktari akamshika mkono. "Utamulea wewe mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi kubwa."

Alizaliwa msichana, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Niliirekodi ile sauti nikaituma mashariki. Papa wa archives alijibu kwamba ameisikiliza pamoja na jirani mwenye panneau solaire. Kisha akasema, "Nani mwingine wa kwetu amefika kwenu? Nipe majina, nianze kukata."

Ndivyo tulivyofanya kazi kwa miezi. Mzee wa kisukari, mtoto wa drepanositozi, ule ugonjwa wa selimundu, mtu aliyekatiza dawa za kifua kikuu: mmoja mmoja kurasa zao zilivuka msitu na kukaa mahali pake. Baadaye simu yake ikafa kabisa. Kila nilipopiga nilisikia sauti ileile ya mashine, na niliogopa kumuuliza mtu yeyote wa mji ule.

Siku moja mwanamume akasimama mlangoni, viatu vimeisha, mkoba kifuani. "Natafuta mama wa PDF," akasema. Alikuwa kijana, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho! Mimi nilikuwa nikimwita papa, yeye alinifikiria mwanamke wa mvi. Tulicheka mpaka watu wa duka la dawa wakaja kuchungulia. Disque aliitoa ndani ya sweta ya mtoto, na mkewe na huyo mtoto walikuwa salama kwa ndugu, mtaa wa Mangobo. Nilimlisha lituma ya ndizi na samaki kwanza, ndipo nikampeleka kwa daktari mkuu. Alipewa meza karibu na yangu.

Juzi, tukiwa kazini, alipigiwa kutoka kwao. Wodi moja ya hospitali ya kule imefunguliwa tena, na muuguzi alikuwa anahitaji dosie ya mgonjwa aliyerudi. Alisikiliza, akaandika jina, akauliza umri na jina la mume. Kisha akanigeukia. "Wamefungua," aliniambia, na akaanza kutafuta kurasa.