Mkanda wa harusi niliokataa kuurusha hewani

Wakuu, salaam. Vijana huniuliza nimefikaje kuwa mkurugenzi wa vipindi vya televisheni hapa Unguja. Sitii chumvi: nimefikishwa na harusi za watu.

Miaka ya tisini shemeji yangu wa mtaa wa Malindi hapa mjini alikuwa na kamera ya VHS. Tabu yake ni kwamba kwenye harusi zetu, upande wa wanawake mwanamume haingii. Huko mabuibui yanavuliwa na watu wanacheza watakavyo. Basi akanifundisha mimi.

Sharti lilikuwa moja. Mkanda anakabidhiwa mama wa bibi harusi, mkononi, na hakuna kopi. Hata shemeji mwenyewe hakuuona.

Baadaye nikaajiriwa kituo cha televisheni, mpiga picha pekee wa kike. Nilikuwa naota kutengeneza tamthilia yangu.

Idd ikakaribia, bosi hana cha kurusha. Akajua nimetoka kupiga picha harusi ya mtaa wa Amani na mkanda bado ninao. Akautaka, eti dakika chache tu za ngoma.

Nikakataa.

Akanipokonya kamera, akanipeleka stoo nikafute vumbi kwenye mikanda. Nililia, jamani. Niliona ile ndoto imekwisha.

Ila dada wa mapokezi alitusikia, na mjini kwetu habari hailali.

Mwaka uliofuata kituo kikataka tamthilia yake ya kwanza. Mabinti wa kuigiza wakapatikana, wazazi wakagoma wote kuwatoa. Bosi akataka kuifuta. Nikaomba niende mwenyewe kwa Bi Zuhura, mama wa binti aliyefaa kuliko wote. Njia nzima napanga maneno, na wala sikuyatumia.

"Nshasikia ulivyowakatalia mkanda wa watu," akaniambia. "Mwanangu ntakupa wewe. Hao wenzio siwajui."

Wazazi wengine wakafuata, kwa sharti hilohilo: mabinti wakabidhiwe mimi. Bosi akanirudishia kamera na tamthilia yote juu yake, niiongoze mimi. Kutoka hapo nikapanda.

Nilichojifunza: kazi yetu hii mtaji wake ni kuaminiwa. Vifaa vinanunulika.

Majuzi nimeozesha binti yangu. Upande wa wanawake alipiga picha yule binti wa Bi Zuhura, sasa mwongozaji wangu kazini. Asubuhi yake akaja nyumbani, akaniwekea mkononi mkanda wa siku hizi, kadi ndogo ya kamera.

"Ndio huu tu, mama."

Sikumuuliza kuhusu kopi.

Haya, nanyi mlio kwenye fani, nani aliwaamini kabla hamjawa na jina? Tiririkeni.