Lugha Isiyo na Kona

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna aliyepinda suruali ikatulia kama yeye. Alishonea sebuleni, na mumewe, fundi saa, alikuwa na kibanda nyuma ya soko. Walizeeka pamoja bila makelele, mpaka mume alipojifunza kwenye simu lugha iliyotungwa na watu wa mantiki, ambayo kila neno lina maana moja tu.

"Haina kona, mke wangu," alimwambia akimenya chungwa. "Ukisema jambo unatia na kaneno ka kuonyesha umeliona mwenyewe, umeambiwa, au unakisia. Hata furaha na hasira zina maneno yake. Sauti haina kazi."

"Kwa hiyo mnaongea kama mtu anayesoma namba za simu."

"Hasa."

Mama Pindo alicheka, lakini kuna jambo lilimsumbua. Mume alikuwa na mwenzake wa kufanya naye mazoezi, mwalimu wa kike wa mtaa wa pili, na wakiongea kwenye simu sauti ya mume ililainika kama hariri inayoteleza mezani. Kama hisia zina maneno yake, ulaini ule ulikuwa wa nini?

Akamwomba mumewe amfundishe. Kila wakati wa chai walitaja kikombe, mvua, njaa, na mume alimsahihisha bila huruma kila aliposahau kale kaneno. "Umesema nusu," alimwambia. Yeye mwenyewe hakukasahau kamwe. Kwa Kiswahili aliweza kuongopa uso umetulia, wateja wa saa walilijua hilo. Kwa lugha ile alinyooka kama rula.

Jumamosi moja alirudi jioni, mikono ya shati ina mstari wa pasi ambao Mama Pindo hajawahi kuupiga.

"Ulikuwa wapi, baba watoto?"

"Kibandani. Saa ya zahanati imenitesa."

"Niambie kwa lugha yenu."

Akaanza. Maneno yalitoka moja moja: mimi, kibanda, saa. Kisha akaishia hapo, kale kaneno hakukaweka.

"Umesema nusu," mkewe akasema.

Wengi hudhani wakipata chombo kizuri kitawabebea uaminifu. Hakuna lugha inayobeba mzigo huo. Mtu huubeba mwenyewe au huuacha chini.

"Si ungekaweka tu?" mke akauliza. "Mimi ningejuaje?"

"Siwezi. Kule hatuongopi."

Mama Pindo akazima cherehani.

"Kumbe unaweza kusema kweli. Lugha ya watu usiowajua unaiheshimu, hii tuliyolelea watoto umeigeuza tambara la kudekia."

"Nilikuwa kwake," mume akasema mwishowe, kwa Kiswahili. "Si mara ya kwanza."

Mama Pindo hakulia wala hakumtukana. Alikwenda mlangoni, akaufungua, akaushikilia mpaka mume alipopata viatu vyake.