Pete ya Mama na Mafuta ya Sangara

Miaka ile mafuta ya taa yalikuwa yameadimika Musoma, na sonara asiye na moto ni mtu aliyekaa tu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na karakana ndogo Buhare, nami nilikuwa nimemaliza shule, najifunza kazi kwake. Jumapili iliyokuwa inakuja, baba na mama walikuwa wanakwenda kubariki ndoa yao kanisani, baada ya kutuzaa sisi wote. Pete ilikuwa bado.

Tulikuwa tumeyeyusha sarafu kuukuu ya fedha, ya enzi za mkoloni, aliyoitunza bibi. Fedha nyingine haikuwepo. Mjomba aliifua ikawa utepe, akaukunja, akaniachia mimi kuunga ncha. Koroboi tuliijaza mafuta ya sangara, maana samaki huyo alikuwa tele wakati kila kitu kimepotea.

Nikapaka boraksi, ule unga unaosaidia lehemu kushika, nikaweka juu ya kiungo kipande cha lehemu kidogo kama punje ya ulezi, nikaupuliza moto kwa mrija wa shaba. Koroboi ikatema. Moto uliruka, masizi yakaipaka pete, lehemu ikadondoka. Nikaosha kwa ndimu, nikarudia. Ikadondoka tena.

"Acha kwanza," mjomba alisema. "Ukiikazania hivyo itayeyuka, halafu shemeji amvishe dada yangu pete ya majani."

"Ng'ombe wa mahari alishaleta zamani," mama alijibu kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja kuichukua. "Pete ndiyo inanitesa." Akanusa. "Haya mafuta nani kayatoa jikoni? Bado yana maji. Mimi nikikaangaga samaki, nangoja kwanza yaache kulia."

Akayamimina kwenye sufuria, akayabandika kwenye jiko la mkaa. Yakalia, yakapunguza kelele, yakanyamaza.

Nikayarudisha kwenye koroboi, nikaweka lehemu nyingine, na safari hii moto ulitulia. Nilipuliza huku navuta pumzi kwa pua, mashavu yamejaa, kama mjomba alivyonifundisha. Fedha ikaanza kuwa nyekundu kwa mbali, kama anga la ziwani kabla jua halijatoka. Ghafla lehemu ikang'aa, ikatiririka ndani ya kiungo chote, na ufa haukuonekana tena.

Mama hakungoja isuguliwe. Ilipopoa tu akaivaa. Ikagoma kwenye kifundo cha kidole, akailainisha kwa mate.

"Jumapili nitanuka samaki mbele ya padri."

"Padri naye anakulaga," mjomba alisema.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaivua taratibu, akanirudishia niing'arishe, lakini mkono wake ukabaki umenyooka, vidole vimetawanyika, kana kwamba pete bado imo.