Iache Ipoe, Usikate Simu

Pikipiki yetu ilianza kutoa mlio mpya msimu wa korosho, wakati malori yanapanga foleni kwenda bandarini na kila mtu Mtwara ana haraka. Asubuhi ilikuwa hailii. Nikiiwasha uani kwetu Ufukoni inanguruma kwa adabu, kama mkwe aliyefika ukweni mara ya kwanza. Lakini nikishaikimbiza kwenye vumbi hadi Mahurunga, nikazunguka mashamba ya mpunga ya watu wangu, nikageuza kurudi na injini imepata moto sawasawa, ndipo inaanza: tirrr, tirrr, tirrr. Mlio mwembamba, wa kitu kinachotetemeka mahali nisipopaona.

Mimi ni afisa ugani. Kazi yangu ni kukagua mpunga na mikorosho, injini siyo shamba langu. Mwenye pikipiki ni mume wangu, na yeye wakati huo alikuwa mgodini, Kanda ya Ziwa, mwisho mwingine kabisa wa nchi. Zamani alikuwa fundi mitambo hapa hapa bandarini. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa, akahangaika na jenereta za watu, kisha rafiki yake mmoja akamwitia kazi ya mgodi, akaenda. Binti yetu yuko shule ya bweni. Nyumbani tukabaki mimi na mama mkwe wangu, wanawake wawili tunaompenda mtu mmoja, na hilo peke yake ndilo lililotufanya tuvumiliane.

Aliponiachia funguo aliniachia na sharti. Fundi yeyote asiiguse pikipiki kabla yeye mwenyewe hajaisikia. Hakusema kuiona, alisema kuisikia. Mume wangu hutibu injini kwa sikio. Nimemwona mara nyingi akichuchumaa uani, ameshika bisibisi ndefu, ncha yake ameigusisha kwenye chuma na mpini ameubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, macho amefumba. Ukimsemesha wakati huo anakuinulia kidole kimoja tu, unanyamaza.

Na hakubali injini baridi. "Ikiwa baridi inaficha mambo," alikuwa akisema. "Ngoja ipate moto, itasema yenyewe." Kwa hiyo kabla ya kuisikiliza ilikuwa lazima aitembeze, na mimi ndiye nilikuwa mzigo wa nyuma. Alasiri za Jumapili tulikuwa tunakwenda hadi Mikindani na kurudi, hatuna tunachokifuata, tunapasha moto injini tu. Nilikuwa nakaa nyuma nimemshika kiunoni, shati lake linanuka sabuni ya kipande na grisi ambayo sabuni ile haikuwahi kuiweza. Hatukuwa tunaongea. Upepo haukuruhusu, na yeye alikuwa anasikiliza chuma chake. Nikiulizwa leo nimekosa nini zaidi baada ya yeye kuondoka, nitasema mgongo ule.

Basi nilipomwambia kwenye simu kwamba kuna mlio, sauti yake ikachangamka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Unagonga au unatetemeka?"

"Unatetemeka."

"Unafuata injini au unafuata tairi? Ukisimama ukavuta mafuta, unaongezeka?"

"Unaongezeka."

"Haya. Kesho ukitoka Mahurunga usiizime. Ingia nayo uani, isimamishe kwenye stendi ya katikati, kisha nipigie."

Nikafanya hivyo. Nilichuchumaa kando ya injini, joto linanipiga usoni, gauni nimelibana katikati ya magoti lisiguse moto, na nimeshika simu nikiielekezea chuma kama mtu anayemhoji waziri. Akaniambia niisogeze kichwani mwa injini. Nikasogeza. Niishushe kwenye oili. Nikashusha. Niirudishe upande wa kushoto, taratibu, nivute mafuta kidogo, niachie. Nikavuta, nikaachia. Kisha akasema: "Zima. Iache ipoe. Usikate simu."

Nikazima. Injini ikaanza kupoa, chuma kikawa kinalia tik, tik, tik, kama kawaida ya vyuma vinavyorudi kwenye nafasi zake. Nikaiweka simu juu ya kiti cha pikipiki na nikaendelea na mambo yangu. Mama mkwe alikuwa anawagombeza kuku. Jirani alikuwa anapiga mswaki nyanya za kuanikwa, maana yeye kila kitu hukisugua. Mimi nikakaa kwenye mbuzi nikaanza kukuna nazi. Simu iko kimya, nikadhani imekatika. Nilipomaliza nazi nikaichukua nikakuta bado yuko hewani.

"Inawezekana ni tapeti, zile za valvu," akasema. "Sina hakika. Kesho tena."

Kesho yake ikawa tena. Na keshokutwa. Tapeti akaiondoa kwenye mawazo yake, akasema labda plagi. Nikabadilisha plagi, mlio uko pale pale. Akasema labda oili imechoka. Nikamwaga oili, nikaweka mpya, tirrr, tirrr. Kila siku alasiri, kabla hajaingia zamu, ilikuwa kupasha, kusogeza simu, kuvuta, kuachia, kuzima. Iache ipoe. Usikate simu.

Mwanzoni nilifurahi, sitadanganya. Kabla ya mlio ule simu zake zilikuwa zimekuwa fupi na kavu. Mmeamkaje, mmekula nini, haya, salamu kwa mama. Sasa ananipigia kila siku na tunakaa hewani muda mrefu. Lakini kadiri siku zilivyokwenda nikaanza kugundua kwamba anayepigiwa simu siye mimi. Nilimwambia paa la jikoni limevuja. "Ehe," akasema, "na mlio?" Nilimwambia nimekonda, wakulima wangu wananiuliza kama naumwa. Akaniomba niiwashe tena. Likizo yake ilikuwa imekwishasogezwa mara moja, na alikuwa ameniahidi kwamba msimu wa korosho hautaisha hajafika. Nikimuuliza, "Likizo vipi?" anajibu, "Tutaona. Hebu isogeze simu."

Nilianza kuionea wivu pikipiki. Ni aibu mwanamke mzima, mtumishi wa serikali, kuionea wivu pikipiki, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa naiangalia uani imesimama imejaa vumbi langu, imelowa jasho langu, na yenyewe ndiyo inayoulizwa hali. Nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia mtu: kwamba mume wangu ameshatuzoea kwa mbali, na kilichobaki cha kumvuta Ufukoni ni chuma kile peke yake. Wapo wanaume wengi wa huku walioondoka hivyo, kidogo kidogo, bila ugomvi wowote.

Hata mama mkwe, ambaye huwa upande wa mwanawe kwa kila jambo, siku moja alisogea akainama juu ya simu pale kwenye kiti. "Ntoto wangu," akaipigia kelele, "sisi huku hatuna milio? Mbona hutuulizi?" Mume wangu akacheka sana. Kisha akasema, "Mama, endelea kuongea." Mama mkwe akasusa, akarudi kwa kuku wake.

Jumapili moja nilipika pweza wa nazi, chakula anachokipenda kuliko vyote, nikapanga nimwambie tu, aumie kidogo. Alipopiga nikaanza, "Leo nimepika..." naye akanikatiza, "Umeipasha?" Nikawaka.

"Sikiliza wewe mwanamume. Kama ni hivyo njoo uchukue hii pikipiki yako uioe, mahari nitakusaidia mimi."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Sikuiwasha. Nilikata simu, nikala pweza wangu kwa hasira, na sikusikia ladha yake.

Kesho yake, nikitoka Mahurunga, nilivunja sharti. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi pikipiki wa mtaani kwetu, aliyewahi kufanya kazi na mume wangu bandarini. Ana kontena kando ya barabara, na mbele yake huwa pamejaa bodaboda zilizofunguliwa matumbo. Nilifika injini ikiwa moto, inalia kwa nguvu zake zote. Nilitaka ipone siku hiyo hiyo. Nilitaka nimwambie mume wangu imepona, halafu ninyamaze, nione ana nini kingine cha kuniuliza.

"Usizime, shemeji," fundi akasema. Hakuchukua bisibisi wala spana. Alizunguka upande wa kulia, akainua mguu, akakanyaga kwa soli ya kandambili lile bati linalokaa juu ya ekzosi, la kuzuia mguu usiungue. Mlio ukafa. Akaondoa mguu. Tirrr, tirrr. Akakanyaga tena. Kimya.

Nikainama nami nikaliangalia lile bati.

"Si injini?"

"Injini nzima kabisa hii. Skrubu moja ya bati ilishatoka siku nyingi, jamaa akafunga waya. Sasa waya umekatika. Bati likipata moto linalegea, linacheza." Akainama akanionyesha kipande cha waya wa shaba kilichobaki, kimekunjwa vizuri ncha ndani, namna ambayo mume wangu hukunja waya zake zote. "Yeye mwenyewe si anajua? Alinipigia tangu zamani. Akasema, shemeji yako akija, ni ule waya wa bati, kafunge. Nikawa nakusubiri, nikajua umefunga mwenyewe."

"Alikupigia lini?"

"Mwanzoni kabisa. Alisema kauliza maswali mawili matatu akaujua." Akachukua koleo. "Ni dakika tu hii."

Nilikaa kwenye tairi bovu lililokuwa pale. Hasira ilikuja kwanza, kwa sababu nilikumbuka plagi, na oili, na magoti yangu yalivyouma kwa kuchuchumaa. Kisha nikakumbuka kwamba kwa siku zote zile hakuwahi hata mara moja kuniambia nisogeze simu upande wa kulia, kwenye ekzosi. Kichwani mwa injini, ndiyo. Kwenye oili, ndiyo. Kushoto, kushoto, kushoto. Mahali penye ugonjwa alipakwepa. Nikakumbuka alivyokuwa hana haraka injini ikiwaka, lakini ana haraka ya kunifanya niizime. Iache ipoe. Usikate simu. Na mimi naiacha simu pale kwenye kiti, naendelea na nazi yangu, mama naye na kuku wake. Endelea kuongea, alimwambia mama.

Mgodini, aliwahi kunieleza, mitambo hainyamazi saa yoyote, na mabwenini wanalala wanaume peke yao; sauti ya nyumba hakuna.

"Acha," nikamwambia fundi.

"Niache nini?"

"Usifunge."

"Shemeji, litakupigia kelele hivi hivi."

"Lipige."

Alinitazama kama vile nimepigwa na jua la kichwa, akarudisha koleo kwenye kopo lake. Nikaiendesha kwenda nyumbani taratibu, inalia mtaa mzima, watu wanageuka, na mimi nalia juu yake. Nilikuwa nimemkumbuka sana, na nilikuwa nimefarijika, na sikuweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Alipiga muda wake ule ule. Sauti yake ilikuwa ya tahadhari, ya mtu aliyekatiwa simu jana yake.

"Umeipasha?"

"Imepata moto vizuri."

"Unasikika bado?"

"Sikiliza mwenyewe." Nikamsikilizisha, upande wa kushoto. Hakuniambia nivute wala niachie. Mara hii sikusubiri aniambie, nilizima mwenyewe. Na badala ya kuiweka simu juu ya kiti, nilitembea nayo. Nilimpitisha karibu na mama, aliyekuwa anachambua mchele na kuuimbia. Nilimpitisha mlangoni, ule unaolia bawaba, na niliufungua na kuufunga mara mbili kwa makusudi. Nikaingia jikoni, nikaisimamisha simu sakafuni ikiegemea kinu, nikavunja nazi, nikakaa kwenye mbuzi.

Nikakuna. Nilikuna taratibu kuliko kawaida, kwa mpigo mmoja, na upande wa pili nilikuwa nasikia pumzi zake. Hakuuliza injini imefikia wapi. Alijua nimejua, na mimi nilijua hivyo. Kifuu kilipobaki kitupu niliacha, jikoni kukawa kimya.

"Bibie," akasema. Ilikuwa "bibie" yake ya zamani, ya siku zile za Mikindani. "Likizo yangu imesogezwa tena. Nimeshindwa kukwambia. Niliambiwa kabla pikipiki haijaanza kulia."

Nilijifuta mikono kwenye kanga.

"Usikate simu," nikamwambia.

Nikachukua nazi ya pili nikaivunja, ingawa mboga ya watu wawili, mimi na mama yake, inatoshwa na moja.