Kaseti ya sita, na mkono wangu mwenyewe

Julai 1987. Tulimpoteza dada yangu Mwende, mwalimu wa primary kule Tawa. Siku ya kumzika nikapoteza kitu kingine, na hicho nilikipoteza kwa mkono wangu.

Wakuu, nawasalimu. Sikusoma sana, mtanivumilia. Nitaandika vile ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Mama yetu, Mwaitu tulivyomwita, alikuwa haoni tena. Niliishi naye Kanyangi, nikilima. Mwende hakupenda vile Mwaitu alivyokaa tu kutwa nzima. Akaazima novel moja ya Kiingereza, akawa anaisoma mbele ya redio kaseti, akiigeuza Kikamba hapo hapo na ku-record.

Siku hizi mnaita audiobook. Sisi tulisema tu "Mwende wa kaseti".

Na hakugeuza lugha peke yake. Watu wa kitabu aliwapa majina ya kwetu, mji akauweka Mukuyuni. Mwanamume anafika sokoni na kitambulisho cha mtu aliyekufa. Anafungua duka, anaoa. Halafu barua zinaanza kupenyezwa chini ya mlango: "Najua wewe ni nani."

Suspense yake, wacha tu. Kuna siku ng'ombe walikosa maji kwa sababu yangu.

Mwaitu alikuwa anabishana na redio.

"Ni huyo fundi wa cherehani anaandika hizo barua. Sikia vile anacheka."

"Mwaitu, hapo anayecheka ni Mwende."

"Nyamaza, unaniharibia."

Kwa sababu ya betri tulisikiliza kaseti moja kila Jumapili, tukitoka kanisani. Tulimaliza tano. Ya sita, ya mwisho, Mwaitu alikataa tuiguse mpaka Mwende afunge shule.

"Nataka awe hapa nikimwambia nilijua kitambo," alisema.

Mwende hakufika kufunga shule. Ni malaria, siku nne tu.

Kwetu wakati huo mazishi yalirekodiwa, ili jamaa walio Mombasa wasikie hotuba na kwaya. Katikati ya ibada katibu wa kwaya akanivuta kando.

"Musyoka, kaseti imejaa na pasta hajaanza. Huna nyingine kwa nyumba?"

Nikaingia, nikatoa ile ya sita. Nilijua ni ipi. Mwende alikuwa amevunja vile viplastiki viwili vya nyuma, ili mtu asirekodi juu yake. Nikatafuna karatasi, nikaziba matundu. Nilijiambia kitabu kipo, mwalimu mwingine atatusomea.

Kitabu hakikuwepo. Vitu vyake vililetwa kutoka Tawa bila hicho. Alikuwa amekirudisha kwa mwenyewe, na hatukumjua mwenyewe wala jina la kitabu. Hata ningekipata, Mukuyuni haimo ndani yake.

Funzo langu ni dogo. Ukikuta mtu amefunga kitu, usikifungue siku ambayo hawezi kukuuliza. Na kama kuna mtu hapa amewahi kusoma hadithi ya mtu mwenye kitambulisho cha marehemu, aniandikie hapa chini ilivyoisha. Nitasoma kila comment, hata za kunilaumu.

Sasa lile la mwisho.

Jumapili ya tatu baada ya mazishi, Mwaitu akasema tuweke ya sita. Sikuwa nimemwambia. Nikaiweka, nikabonyeza.

Akatoka pasta, akiomba. Mwaitu akageuza uso upande wangu. Nilitaka kuzima, akanishika mkono. Tukasikiliza side A yote, nikageuza. Kwaya. Majembe. Udongo ukianguka.

Karibu na mwisho wa side B kaseti ikakwaruza, ikatoka sauti ya Mwende. Mazishi hayakuwa yamefika hapo.

"...basi imeishia hapo," alisema, akicheka kidogo. "Haya Mwaitu, sema ukweli. Ulikuwa umemjua ni nani?"

Utepe ukaisha, kitufe kikaruka.

Mkono wa Mwaitu ulikuwa bado juu ya wangu.

"Hapana," akamjibu.