Maharagi ya Jicho Nyekundu

Mimi sikuwa mutu wa kutembea. Toka nizaliwe Kingi, safari zangu zilikuwa Masisi-centre siku ya soko, na mara moja Rubaya, kwenda kumulilia shemeji. Kwa hiyo vile wamama wa kanisa yetu walinichagua niende ku mukutano mukubwa Walikale, siku tatu nzima, juu mimi njo sekretere wa kikundi na mwandiko yangu inasomeka, nilikosa usingizi. Nilishonesha nguo. Niliazima sakoshi ya kubebea nguo ku jirani. Niliongea Walikale, Walikale, mpaka bwana yangu akaniambia: "Nenda basi, utuachie masikio."

Mama yangu yeye hakucheka. Siku mbili mbele ya safari akaniita ku nyumba yake, akatosha chini ya kitanda kifuko kimoja, kitambaa ya kitenge ya zamani yenye alifunga na kamba ya mugomba. Ndani ilikuwa maharagi. Tena haikuwa maharagi ya kila mutu. Ilikuwa ile ya koko, mama mwenye alimuzaa mama: minene, nyeupe, na jicho nyekundu pembeni, pale inashikia ku ganda. Mu kijiji yetu hakuna mwengine alikuwa nayo. Koko aliipanda maisha yake yote, kisha mama, na kila musimu mama alikuwa anaweka mbegu pembeni, hata kama njaa inatukata tumbo.

"Hii ni ya mama yako mudogo," akasema. "Umupatie mu mikono. Usimutumie mutu, usiache ku mulango. Mu mikono yake."

Nilielewa. Mama mudogo, ule wa kufuata mama, aliolewa na mutu wa Walikale, mutu wa pori, zamani sana mimi nikiwa kasichana. Vile koko alikufa, mama mudogo hakukuya kumuzika. Barabara ilifungwa na vita, watu wote walijua ile, lakini mama alikataa kusikia. Alisema mutu anaweza kutambaa na magoti mpaka ku kaburi ya mama yake. Toka pale hawakuongea tena, hata salamu. Na kwetu mwanamuke hamupatie mbegu mutu mwenye amemukasirikia. Chakula atamupatia, hata nguo, mbegu hapana. Kwa hiyo kile kifuko njo ilikuwa musamaha wenyewe. Mama hakuwa na namna ingine ya kuusema, na alinituma mimi.

Safari ilikuwa siku mbili za pikipiki na matope. Tulifika Walikale muchana wa jua kali, wamama wenyeji wakatupokea na nyimbo, wakatutua mizigo. Mwenye hajaenda ku mukutano ya kanisa kwetu, nimueleze: kila kundi inakuya na chakula yake. Watu wa milima wanaleta maharagi na viazi, watu wa pori wanaleta ndizi na mawese, yote inaingia mu depo moja, inatokea mu sufuria moja. Mama moja wa mapokezi akaniuliza, "Hii nayo ni ya depo, mama?" Alikuwa ameshika kifuko ya mama yangu.

Nilipaswa kusema hapana. Nilipaswa kuchukua kile kifuko, kuuliza njia, na kwenda palepale kwa mama mudogo na vumbi yangu ya safari. Lakini nilikuwa nimeona soko. Ilikuwa inaonekana pale chini, na watu wengi, na harufu ya mawese inapanda mpaka kwetu, na nikafikiri, kama nakwenda kwa mama mudogo leo, atanikalisha, atapika, siku itaisha. Nikamuambia ule mama: "Weka tu pale, nitaichukua." Akaiweka juu ya magunia ya Masisi. Na mimi nimepikaga ku mikutano yetu mara nyingi. Nilijua kama kitu yenye imelala mu depo, mupishi haiulize majina.

Basi nikatembea. Siwezi kudanganya kama sikufurahi. Kwetu baridi inakuamusha kabla ya jogoo. Kule jua inakuogesha jasho asubuhi, na hakuna mutu mwenye anavaa pulo ya baridi. Mu soko niliona viwavi vya kukausha vimemwagwa ku shuka, asali mu machupa, uyoga ya rangi sijawahi kuona, nyama ya pori nyeusi ya moshi. Nilisimama kuangalia wamama wanakamua mawese, nyekundu, ingali ya moto, na wakanionjesha ku kidole. Njia ya muji ilikuwa inakwenda vizuri na nyumba zake za mbao, kisha gafla inaisha, na pori inaanza, bila hata kupiga hodi. Nilikuwa na baji ku kifua, na watu wananiita mugeni wa mukutano. Nilipenda ile. Kule kwetu mimi ni mama wa watoto tano mwenye anachelewa kulima.

"Kesho," nilijiambia. "Mama mudogo, kesho."

Kesho yake asubuhi kulikuwa mafundisho juu ya ndoa. Mimi na mama moja wa Rubaya tulitoka polepole kama wanafunzi, tukashuka ku muto. Maji ilikuwa mingi, ya rangi ya chai ya maziwa, na tuliweka miguu ndani, tukacheka mpaka tukatosha machozi. Ile mafundisho sikuisikia hata neno. Mu ripoti yangu niliiandika vilevile, kwa kunakili ku daftari ya mwengine, na wamama wa Kingi wakanipigia mikono.

Tulirudi saa ya chakula. Walipakua ndizi ya kutwanga, sombe ya majani ya muhogo, na maharagi. Nilikuwa na njaa ya muto. Nilikula sahani moja, nikaenda kuongezewa, na mupishi, mama munene mwenye roho nzuri, akaniambia, "Maharagi yenu ya Masisi, weh, inaiva mbio." Nikamuambia kwetu udongo ni nzuri. Nilisema vile na kujivuna. Kisha ku kijiko nikaona haragi moja, nene kuliko zingine, na pembeni alama ya kahawia kidogo, pale jicho nyekundu ilikuwa.

Niliacha sahani, nikakimbia ku depo. Magunia ya Masisi ilikuwa imebakia mbili, na juu yake hakuna kitu. Nyuma ya jiko kitambaa ya mama ilikuwa ku kamba, inakauka. Ule mupishi alinifuata, akaitosha ku kamba, akaikunja vizuri ine-ine, akanipatia. "Tulikuoshea, mama," akasema. "Ilikuwa na vumbi."

Nilimuambia aksanti. Ningesema nini? Nani anakuya ku mukutano na maharagi yenye haiko ya kupika?

Hapa njo kosa yangu ya kweli inaanza, juu ile ya kwanza ilikuwa uzembe tu, na uzembe mutu anaachiliwa. Nilirudi ku soko. Kulikuwa mama muchuuzi wa maharagi, na nilichagua nyeupe, nyeupe minene, zenye zilikuwa na jicho ya rangi, karibu na nyekundu, kama unaangalia mbio. Nilizimwaga mu kitambaa ya mama. Nikaifunga na kamba ya mugomba, fundo ileile ya mama. Vidole vyangu vilijua kuifunga vizuri.

Nyumba ya mama mudogo haikunichukua hata dakika kumi. Miaka yote ile, na watu wangali wanamuita Mama Masisi. Nilisema tu jina ile, mutu akaninyooshea mukono. Ilikuwa karibu kuliko muto. Alikuwa amekaa mbele ya mulango, amevaa nguo nzuri, na nikafahamu mara moja kama amevaa vile toka siku ya kwanza.

"Nilisikia wamama wa kwetu walifika jana," akasema. "Nikajiambia, labda mutoto wa dada haiko kati yao."

"Kazi ilikuwa mingi, mama," nikasema.

Nikamupatia kifuko mu mikono, vile niliagizwa. Alitambua kitambaa mbele ya kuifungua. Alipiga magoti chini, mutu muzima vile, mbele yangu mimi mutoto, akaipokea na mikono mbili. "Amenitumia mbegu?" akauliza. "Dada mwenyewe, na mikono yake?" Nikasema ndiyo. Akalia. Nilimuangalia analia juu ya maharagi ya soko, na neno ilikuwa hapa, ku ulimi, na nilimeza mate, ikashuka.

Vile machozi ilipunguka, alichukua haragi moja, akaigeuza-geuza ku mwangaza. "Nilikuwa nafikiri jicho yake ilikuwa nyekundu zaidi," akasema.

"Udongo, mama. Udongo wa kwetu umechoka."

"Ee," akasema. "Na macho yangu pia." Akaiweka pamoja na zingine, akafunga. Aliniuwia kuku. Hakupika hata haragi moja ya mu kile kifuko. Alisema ataipanda ku kilima fulani njia ya Pinga, pale kunakuwaga baridi kidogo, juu maharagi haipendi joto ya Walikale.

Vile nilirudi Kingi, mama aliniuliza kitu kimoja tu. "Alipokea namna gani?"

"Na mikono mbili, amepiga magoti. Alilia."

Ile ilikuwa kweli, na mama aliishi nayo musimu muzima. Alianza kutaja jina ya mudogo wake mbele ya watu. Alikuwa anatuelezea vile walikuwa wanaiba mihindi wote wawili, vile koko aliwachapa. Nilijiambia, ona, hakuna ubaya wenye ulitoka. Maharagi ni maharagi.

Kisha tukakimbia vita. Sitaeleza ile, mwenye kutoka kwetu anajua kukimbia, anajua pia kurudi. Tulirudi, nyumba ilikuwa imesimama, lakini gala ilikuwa imefagiliwa, na mbegu ya koko pamoja. Mimi nililia. Mama aliniangalia kama vile niko mutoto. "Unalilia nini? Mbegu yangu iko Walikale," akasema. "Njo maana mutu anagawanya." Akatuma neno kwa motari, mutu wa pikipiki, mwenye alikuwa anakwenda kule: dada yangu, nirudishie kidogo, nipande.

Kwa juma tatu alikuwa anatayarisha shamba. Mimi nilikuwa nalima pembeni yake. Kila siku nilisema, leo nitamuambia, na kila siku alikuwa anaimba.

Motari alileta kifuko. Kitambaa ileile, fundo ileile. Mama aliweka lungo ku magoti, akamwaga, akapitisha vidole. Akasimamisha mukono. Akachukua moja, akaileta karibu na macho, kisha ingine, kisha ingine. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, karibu vile niko karibu na hii karatasi.

"Hii haiko mbegu ya mama," akasema.

"Labda udongo wa kule, mama..."

"Udongo haubadilishe jicho." Hakupandisha sauti. "Aliikula. Alikula mbegu ya mama yetu, kisha ananitumia ya soko, na anafikiri mimi ni kipofu."

Kama kuna siku moja Mungu atanirudishia, nitaomba ile. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu. Neno moja: mimi. Sikuisema. Mama akabeba lungo mpaka ku jiko, akazimwaga zote mu sufuria, akazipika, mbegu nzima, na akatuitia watoto kula. Na mimi nilikula. Nilikula musamaha wao mara mbili, moja Walikale, ingine Kingi.

Sasa jina ya mudogo wake haitoki tena mu kinywa yake. Mama mudogo yeye hajui kitu. Kama rezo ya simu inamukubalia, ananipigia akiwa ku kile kilima njia ya Pinga, na swali yake ni moja: "Dada alipanda? Inaota?" Namuambia inaota. Juma yenye ilipita alinipigia tena, sauti ya furaha, akasema wakati wa jua atakuya Kingi, hata na miguu, kusimama ku kaburi ya koko, na kuona maharagi mu shamba ya dada yake. Mama hajui kama anakuya. Watakutana hapa, ku hii kiwanja, na moja atakuwa anacheka, na mwengine atamufungia mulango, na mimi nitakuwa katikati yao.

Naandika hii ku mulango ya mama, daftari ku magoti. Yeye iko hapa pembeni, anapukusa mihindi. Mama hajasoma hata siku moja. Hajui herufi hata ya jina yake. Karatasi hainiogopeshe sana kama yeye.

Sasa hivi ameniuliza niko naandika nini toka asubuhi.

"Ripoti, mama," nimemuambia. "Ile ya mukutano wa Walikale."

"Mpaka leo hujaimaliza?" Ametikisa kichwa, ameokota muhindi mwengine. "Andika muzuri. Usiache kitu."

"Ndiyo, mama," nimesema.