Siku Niliyomfokea Mama Mkwe

Huu ni mwaka wa tatu namtunza mama mkwe hapa Maguu. Alianza kwa kusahau alikoweka jembe, akaja kusahau siku ya misa, mwishowe akanisahau mimi. Kila asubuhi nikimwamkia, huitika marahaba vizuri tu, kisha ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Namjibu. Uji haujapoa, anauliza tena.

Kazi hainitishi. Nimezaliwa Liuli, kando ya ziwa, nimekulia kwenye kuanika dagaa na kulima mihogo. Kilichonimaliza ni kutabasamu siku nzima huku moyo umekunjamana.

Msimu uliopita nilianika kahawa kwenye chanja, nikaenda bombani. Niliporudi nilikuta ameimwaga yote kwenye tope, anaichambua kama maharage. Nikatupa ndoo.

"Mama, unataka nife?"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Alijikunyata, akajifunika uso kwa kitenge. Nikakaa chini palepale, nikalia. Baada ya muda nikahisi mkono wake begani.

"Nani amekuudhi, mwanangu?"

Alikuwa ameshasahau. Mimi sijasahau hadi leo.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, nilikutana na wifi yangu aliyeolewa kijiji jirani cha Ruanda. Akauliza kama kawaida, "Mama hajambo?"

"Hajambo. Mimi ndiye niliyechoka, wifi. Juzi nimemfokea."

Nilingoja anilaumu. "Mbona siku zote hukusema?"

"Ningesemaje? Ni mama yako."

"Si ndiyo maana ungeniambia."

Tangu hapo akawa anakuja kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza nilibeba jembe hadi shamba la mbali, nikakaa juu ya tuta, jembe sikuligusa. Nilirudi jioni bado nimechoka, ila kifua kilikuwa chepesi kidogo.

Hasira hupanda vilevile. Siku hizi naitambua ikiwa bado kooni. Natoka, nanawa uso kwenye pipa, ndipo narudi ndani. Kuna siku natoka mara nne.

Wiki hii wifi alituma ujumbe kwamba anaumwa, hatakuja. Zamani ningenyamaza. Nilimwambia mume wangu, "Alhamisi utabaki wewe na mama."

Akatazama mabuti yake, akasema kuna palizi.

"Palizi nitakwenda mimi."

Alibaki.